Mfalme John Ajifunza Kwa Taabu

Leo nawaletea habari za John, mfalme wa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba wa Mfalme Henry wa Pili, akatawazwa mwaka 1199. Mwaka 1204 mfalme wa Ufaransa alimnyang'anya Normandy. Basi, John akitaka kuirudisha, akawakamua makabaila wake kodi chungu nzima. Wakachoka, wakaasi, wakaingia London. Juni 1215, kule Runnymede, akaupiga muhuri Mkataba Mkuu, yaani Magna Carta: mtu huru asifungwe bila hukumu ya haki. Kabla ya miezi mitatu kwisha, Papa akaubatilisha kwa ombi la John mwenyewe! Vita vikazuka. John akafa kwa ugonjwa Oktoba 1216, na mkataba ukatolewa upya kwa jina la mwanawe wa miaka 9.

Mimi nilidhani ulimlinda kila raia. Kumbe wanakijiji wengi hawakuhesabiwa kuwa watu huru! Hata hivyo, tangu hapo ilijulikana kuwa mfalme naye ana sheria juu yake.

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Je, na mkuu asiyesikia la wadogo?