Lwanda Magere, jabali la Kano, na mke aliyetoka mbali

Huu ni mwaka wangu wa pili Katito, kwenye barabara ya kutoka Ahero kwenda Sondu, nikiwa mke wa watu. Nilikuja kutoka Kilifi na sanduku la leso, mbuzi ya kukunia nazi ambayo huku haina kazi, na simu iliyojaa sinema za watu wanaoruka angani. Mashemeji zangu wadogo walinipenda kwa sababu ya sinema hizo kabla hawajanipenda kwa lolote lingine. Jioni tunakaa nje tukibishana nani ana nguvu kuliko nani, na mimi, ingawa ni mgeni, maoni ninayo mengi.

Superman ananichosha. Jerry Siegel na Joe Shuster walimtoa kwenye vibonzo mwaka 1938, akawa na nguvu kupita kiasi hata watunzi wakalazimika kumtafutia maradhi. Ndiyo likaja lile jiwe la kryptonite, lililosikika kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943 na kuingia vibonzoni mwaka 1949. Udhaifu wake ni kiraka kilichoshonwa baadaye. Black Panther ya 2018 naipenda, na huku Kisumu usiiseme vibaya, maana Lupita Nyong'o ni binti yao. Lakini juu ya zote naiweka Pumzi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Ni fupi, haina mtu anayeruka. Ina mwanamke na mche mmoja katika dunia iliyokaukiwa na maji, basi.

Jioni moja baba mkwe alitusikiliza hadi akachoka, akatuambia kwamba hao wote ni watoto mbele ya Lwanda Magere.

Wasomaji wa Pwani huenda mmelisikia jina tu. Lwanda Magere alikuwa mtu wa ukoo wa Sidho, katika nchi ya Kano, hizi tambarare zinazoteremka kutoka vilima vya Nandi hadi Ziwa Victoria. Aliishi zamani, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, wakati Wajaluo wa Kano na majirani zao wa vilimani, ambao huku huitwa Lang'o, walikuwa wakivamiana kwa ajili ya ng'ombe na malisho. Lwanda kwa Kijaluo ni mwamba. Jina lilimfaa, kwa sababu wazee wanasimulia kwamba mwili wake ulikuwa wa jiwe. Mkuki ukimpiga unapinda, mshale unadunda na kuanguka chini.

Basi vita vikawa vya upande mmoja. Lwanda aliingia mbele peke yake na wenzake wakimfuata nyuma, na kila mara Lang'o walirudi vilimani wakiwa wachache kuliko walivyoshuka. Hawamsimulii kama malaika. Alikuwa mkali, mwepesi wa hasira na mpenda pombe, na sifa zilimwingia kichwani. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, maana shujaa asiye na kasoro za kibinadamu hunipa usingizi.

Wazee wa Lang'o walipoona silaha zimeshindwa, walitumia njia nyingine. Walimchagua binti mzuri kuliko wote na kumpeleka kwa Lwanda awe mke wake, kama ishara ya amani. Wazee wa Kano walimwonya asimpokee. Hakusikia. Alikuwa na mke tayari, mikayi kama wanavyomwita huku mke wa kwanza, lakini huyu mgeni akawa kipenzi chake.

Siku moja Lwanda akaugua, kichwa kikimpasua. Mikayi hakuwepo nyumbani, na ndiye aliyejua namna ya kumtibu. Akamwita yule mdogo amchanje na kumpaka dawa. Binti akachukua kisu, akajaribu ngozini, kisu hakikuingia. Akajaribu tena. Lwanda, kwa maumivu na kukosa subira, akamwambia asihangaike na mwili, achanje kivuli chake. Binti akakata kivuli pale chini, na damu ikatoka.

Mgonjwa alipopata nafuu na kulala, binti alitoroka usiku huohuo akarudi kwao vilimani na kueleza alichokiona. Haukupita muda Lang'o wakashuka tena kwa vita. Lwanda akawakimbiza kama kawaida yake. Safari hii mmoja wao hakuutazama mwili wake kabisa. Alikitafuta kivuli chini na kukichoma mkuki. Lwanda akaanguka na kugeuka jiwe. Jiwe hilo lipo hadi leo huko Kano, karibu na mto Nyando, na inasemekana wawindaji walikuwa wakinolea mikuki yao juu yake ili wapate bahati.

Kama mpenzi wa sinema, nasema hiki ni kisa bora kuliko kryptonite. Lile jiwe la Superman limetoka sayari nyingine, unaweza kulikwepa. Kivuli unatembea nacho. Kadiri unavyosimama juani watu wakuone, ndivyo kinavyoonekana.

Lakini kama mke wa Katito, kisa hiki kilinikaa kooni. Baba mkwe alipomaliza, jirani mmoja alicheka na kusema ndiyo sababu mtu asioe mbali. Kisha akakumbuka nilipo, akasifu chai.

Nilinyamaza, lakini usiku nilimfikiria Fumo Liyongo wetu. Naye hakuna silaha iliyomwingia, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unaeleza jinsi mfalme wa Pate alivyomrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe kwa ahadi, na mtoto akamchoma baba yake usingizini. Liyongo akaenda kupiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafia hapo huku mji mzima ukiogopa kwenda kuteka maji. Aliyemuua alikuwa damu yake. Hata hivyo sijawahi kumsikia mtu wa Pwani akisema kwamba kwa sababu ya Liyongo tusizae wana.

Tena yule binti wa vilimani, nani alimuuliza kama anataka kuolewa na adui? Ndugu zake waliuawa na mtu huyohuyo. Alitumwa na wazee wake, akaonywa dhidi yake na wazee wa mumewe, na siri hakuiiba. Aliambiwa na mwenye siri. Katika masimulizi niliyoyasikia hapa, hana hata jina.

Shemeji yangu wa darasa la nane anachora. Amekianza kisa hiki kama kibonzo kwenye daftari la hesabu: Lwanda ana misuli kama ya Hulk, kivuli amekikoleza kwa wino mweusi, na mke amechorwa kwa nyuma, kisogo tu. Nilimwomba amgeuze atutazame. Amefuta mara tatu. Jana alikuja jikoni na penseli yake kuniuliza ampe uso wa nani.

Nimemwambia aketi kwanza nimalize kukaanga samaki.