Beatrix Potter: Mchoraji wa Vitabu vya Watoto Aliyeacha Urithi wa Ardhi
Miongoni mwa wanawake waliotangulia katika sanaa ya kuchora vitabu vya watoto, Beatrix Potter ana nafasi ya pekee. Alizaliwa jijini London, Uingereza, tarehe 28 Julai, 1866, katika familia yenye ukwasi. Hakupelekwa shule bali alifundishwa nyumbani, ambako yeye na mdogo wake, Bertram, walifuga sungura, panya na wanyama wengine wadogo na kuwachora kwa uangalifu mkubwa.

Kipaji hicho kilimwelekeza kwanza kwenye sayansi. Alichunguza uyoga kwa hadubini na kuuchora katika mamia ya picha. Mwaka 1897, andiko lake kuhusu uotaji wa mbegu za uyoga liliwasilishwa katika Jumuiya ya Linnean ya London. Mwenyewe hakuwapo, kwani wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria mikutano hiyo.

Riziki yake ilitokana na barua. Mwezi Septemba 1893 alimwandikia Noel Moore, mtoto mgonjwa wa aliyekuwa mwalimu wake, kisa chenye picha kuhusu Peter, sungura mtukutu. Baadaye alikigeuza kuwa kitabu, lakini wachapishaji kadhaa wakakikataa. Yeye alitaka kitabu kidogo, cha bei nafuu, kinachoenea mikononi mwa mtoto. Hivyo, Desemba 1901 alichapisha nakala 250 kwa fedha zake. Oktoba 1902, kampuni ya Frederick Warne ilikitoa kikiwa na picha za rangi, kikapendwa mno. Mwaka uliofuata alisajili hataza ya mwanasesere wa Peter.

Mwaka 1905 alichumbiwa na mhariri wake, Norman Warne, licha ya pingamizi la wazazi wake. Mchumba huyo alifariki dunia mwezi mmoja baadaye. Mwaka huohuo Potter alinunua shamba la Hill Top, katika eneo la Lake District, na huko akaendelea kuchora. Aliolewa mwaka 1913 na wakili William Heelis.

Tangu hapo alijikita katika ufugaji wa kondoo wa asili wa Herdwick na kununua mashamba ili yasigawanywe kwa ujenzi. Alipofariki tarehe 22 Desemba, 1943, aliliachia shirika la hifadhi la National Trust zaidi ya ekari 4,000. Mapato ya vitabu vidogo vya watoto yalikuwa yameokoa mabonde na malisho ambayo wananchi wanayafurahia hadi leo.