Denis Burkitt, Daktari wa Ramani

Hapa Minto na vitongoji vya jirani wako wenzetu wanaosomea jiografia, mazingira na afya ya jamii. Kazi yao siku hizi ni kukaa mbele ya kompyuta na kupaka ramani rangi: huku maskini, kule wagonjwa, pale hakuna miti. Kwa ajili yao tumsimulie Denis Burkitt, aliyeifanya kazi hiyo kwetu Afrika Mashariki bila kompyuta.

Alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi Dublin, akaacha, akahamia udaktari. Mwaka 1946 alifika Uganda, akafanya kazi Lira, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 Dk. Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya zote mbili. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akaona binti mdogo mwenye uvimbe ule ule. Ilikuwa saratani, ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Watoto walikufa upesi, na kisu cha upasuaji hakikufaa kitu. Burkitt akataka kujua watoto hawa wanatoka wapi, na kwa nini huko.

Basi akatuma vikaratasi vyenye picha kwenye hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza kama wameuona ugonjwa huo. Majibu akayatia kwenye ramani. Ukajitokeza mkanda mpana unaokata Afrika katikati, wenye mkia unaoshuka mashariki hadi Msumbiji.

Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu kwenda kuutafuta mwisho wa mkanda ule. Wiki kumi, maili 10,000, hospitali zaidi ya 50. Waliandika hata pale ambapo ugonjwa haukuwepo, na siri ilikuwa hapo hapo. Kigezi na Rwanda, kwenye milima, patupu. Penye baridi au ukame, patupu. Mpaka ulifuata joto, mvua na mwinuko, yaani makazi ya mbu.

Ikadhaniwa kwamba mbu anabeba kirusi cha saratani. Kweli, mwaka 1964 huko London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi kipya katika seli za uvimbe uliotoka Uganda. Lakini baadaye ikajulikana kuwa mbu haleti kirusi hicho. Analeta malaria, nayo inadhoofisha kinga ya mtoto hadi kirusi kinapata nafasi. Ramani ilikuwa sahihi. Maelezo ya kwanza ndiyo yalikosea. Burkitt alijaribu pia dawa za saratani hapo Kampala, na baadhi ya watoto wakapona. Alirudi Uingereza miaka ya 1960, akafariki mwaka 1993.

Sasa turudi Minto. Mtaa huu nao umesemwa sana kwa takwimu, na mwaka 2002 serikali ya New South Wales ilitangaza kubomoa na kujenga upya eneo lake la nyumba za umma. Ukiona rangi iliyokolea kwenye ramani ya sensa, usiseme umeshawajua watu wa hapo. Umeonyeshwa tu pa kwenda kuuliza. Burkitt aliwasha gari. Sisi tuna treni, jamani.