Aliyeipa Jina Ncha ya Kromosomu

Kila mwaka nifundishapo uundaji wa istilahi, mwanafunzi mmoja hunitaka nimpe mfano wa istilahi iliyodumu ilhali maarifa yaliyoizaa yamebadilika. Zamani nilikuwa nikitafuta mfano huo ndani ya isimu. Siku hizi humtaja mtu ambaye hakuwa mwanaisimu hata kidogo, Hermann Joseph Muller. Walimu wa biolojia humkumbuka kwa sababu ya eksirei. Neno telomeri, ambalo wanafunzi wao hulikariri usiku wa kuamkia mtihani, aghalabu hulitaja bila jina lake.

Muller alizaliwa New York tarehe 21 Desemba 1890. Babake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 9. Kwa msaada wa masomo aliingia Chuo Kikuu cha Columbia akiwa kijana wa miaka 16, na baadaye akajiunga na kundi la Thomas Hunt Morgan, waliokuwa wakifuga nzi wadogo wa matunda katika chupa za maziwa ili kuchunguza urithi. Mwaka 1926, akiwa Texas, aliwapiga nzi hao eksirei na kuona mabadiliko ya jeni yakiongezeka maradufu kwa maradufu. Alipoyatangaza matokeo hayo mwaka 1927 jina lake lilienea duniani.

Sifa hazikumpa utulivu. Ndoa yake iliyumba, alikwaruzana na wenzake, na polisi wa upelelezi walimfuatilia kwa kuwasaidia wanafunzi kutoa gazeti la mrengo wa kushoto. Mwaka 1932 alijaribu kujiua. Mwaka huo huo alihamia Berlin, akakuta Wanazi wako mlangoni mwa madaraka. Nikolai Vavilov, bingwa wa mimea wa Urusi, alimwalika Leningrad, naye akaenda mwaka 1933 kwa moyo wa mtu anayeamini kwamba amefika nyumbani. Baadaye taasisi yao ilihamishiwa Moscow.

Huko ndiko alikoonja shubiri. Trofim Lysenko alidai kwamba jeni ni uzushi wa mabepari, na wakubwa wa serikali walimsikiliza kwa sababu aliahidi mavuno ya haraka. Mnamo Desemba 1936 Muller alisimama hadharani kumpinga. Wakati huo alikuwa amekwisha kumpelekea Stalin kitabu chake kilichopendekeza kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua mbegu za wanaume wenye vipaji. Stalin hakupendezwa. (Mimi pia sipendezwi, ingawa kwa sababu nyingine, wazo hilo Muller alilishikilia hadi uzeeni, na nadhani ndilo doa kubwa katika maisha yake.) Israel Agol na Solomon Levit, waliowahi kufanya kazi naye Texas, walipigwa risasi, mmoja mwaka 1937, mwingine 1938. Vavilov alikamatwa mwaka 1940 akafia gerezani Saratov mwaka 1943. Muller aliponyoka mwaka 1937 kwa kujitolea kwenda kwenye vita vya Hispania, na kutoka huko akapata kazi Edinburgh.

Akiwa mwajiriwa wa Edinburgh, mtu huyu aliyekwisha kuhama nchi mara nne katika muda wa miaka mitano, alitoa mhadhara huko Woods Hole, Marekani, mwaka 1938. Alieleza kwamba eksirei huzikata kromosomu za nzi, kisha vipande huungana upya kwa namna nyingi: vingine hugeuzwa kichwa chini, vingine huhamia kromosomu nyingine. Lakini hakupata kromosomu iliyodumu baada ya kupoteza ncha yake ya asili, wala hakuona ncha ya asili ikigandana na kipande kilichokatika. Ncha, basi, ina kazi yake, kama pindo la leso linalozuia nyuzi zisifumuke. Akaiita kwa maneno mawili ya Kigiriki, telos na meros, yaani mwisho na sehemu. Miaka hiyo hiyo Barbara McClintock, akichunguza mahindi, aliona ncha zilizokatika zikigandana kweli kweli.

Tazama sasa busara ya jina hilo. Muller alidhani kwamba ncha hiyo ni jeni maalumu. Lau angeliingiza jeni ndani ya jina, leo tungelikuwa tumelitupa. Yeye alitaja mahali tu. Nasi katika sarufi husema kiambishi tamati bila kutaja sauti zake, ndipo istilahi hiyo moja ikatosha kwa -a, kwa -e na hata kwa -ni.

Muller alirudi Marekani mwaka 1940, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1946 kwa kazi ya eksirei, akatumia miaka iliyosalia kuonya juu ya madhara ya mionzi. Alifariki Indianapolis tarehe 5 Aprili 1967, bila kujua ncha zake zimeundwa kwa kitu gani.

Jibu lilianza kupatikana kwa viumbe wengine. Elizabeth Blackburn alikuta kwamba ncha za Tetrahimena, kiumbe wa majini mwenye seli moja, ni herufi za DNA TTGGGG zilizorudiwarudiwa. Mwaka 1982 yeye na Jack Szostak walizibandika ncha hizo kwenye uzi wa DNA na kuutia ndani ya hamira. Uzi ulidumu, ingawa viumbe hao wawili ni mbali mno kwa ukoo. Baadaye ilionekana kwamba hamira ilikuwa imeongeza juu yake herufi zake yenyewe, T moja ikifuatwa na G moja hadi tatu, bila mpango sawia. Katika hamira ya mkate ncha nzima ina herufi 300 hivi. Kimeng'enya kinachoziongeza, telomerasi, kiligunduliwa na Carol Greider na Blackburn miaka michache baadaye, na watafiti hao watatu wakatuzwa Nobel mwaka 2009.

Na nzi wa Muller? Hao hawana telomerasi kabisa. Ncha zao hujengwa na vipande vya DNA vinavyohamahama, vya aina ambayo McClintock alikuwa wa kwanza kuigundua katika mahindi, navyo hujibandika mwishoni mwa kromosomu kimoja baada ya kingine. Telomeri ilipewa jina katika kiumbe ambacho telomeri zake ni za kipekee, na jina likawaenea wote.