Nuhu Mbogo, Aliyeuacha Ufalme

Ndugu zetu Waislamu, katika kijitabu hiki cha kumbukumbu hatuna budi kumtaja mtu ambaye jina lake watoto wetu wa Kawempe hulisikia kila siku, kwenye msikiti na kwenye shule, bila ya kujua mwenye jina alikuwa nani. Huyo ni Mwanamfalme Nuhu Mbogo, mwana wa Kabaka Suna II, aliyefariki mwaka 1921. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Yafaa kwanza ijulikane nyumba aliyozaliwa. Baba yake, Suna, ndiye aliyempokea mfanya biashara wa Kiarabu, Ahmed bin Ibrahim, mwaka 1844, na tangu hapo jina la Mwenyezi Mungu likaanza kusikika katika baraza la Buganda. Suna alipokufa mwaka 1856 kiti kilishikwa na mwanawe Muteesa. Desturi ya enzi zile ilikuwa kali. Kabaka akiisha kutawazwa, ndugu zake wa kiume huwa hatari kwake, na mara nyingi hufungwa au kuuawa. Wana wengi wa Suna walikwisha hivyo, lakini Mbogo akabaki. Mtoto akuaye katika nyumba ya namna hiyo hujifunza mapema kunyamaza, nami nadhani subira yake iliyosifiwa baadaye ilianzia huko.

Habari za Muteesa zajulikana sana, wala sitazirefusha. Alifunga Ramadhani miaka mingi, akaamuru misikiti ijengwe, lakini mwenyewe hakukubali kutahiriwa. Mwaka 1876 akawaua Waislamu wapatao 70 waliokataa kula nyama ya mchinjaji asiyetahiriwa. Alifariki mwaka 1884, naye Mwanga mwanawe akatawala.

Tangu hapo nyumba ya Suna ikawaka moto. Mnamo Septemba 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Mwanga, na Kiweewa akawekwa. Mwezi uliofuata Waislamu wakawashinda wenzao Wakristo. Kiweewa naye akakataa kutahiriwa, akaondolewa, na ndugu yake Kalema akatawazwa kwa jina la Rashid. Hapa lazima tuseme kweli, hata kama inauma. Kabaka huyu wa Kiislamu alimwaga damu ya jamaa zake, na Kiweewa alikuwa miongoni mwao. Hayo hayakuwa mafundisho ya dini yetu bali ni desturi ile ile ya kiti cha Buganda. Kalema hakufaidi. Mnamo Februari 1890 majeshi ya Mwanga yalimfukuza hadi mpakani mwa Bunyoro, na mwaka huo huo ndui ikamwua.

Waumini waliokuwa naye wakabaki porini bila ya mkuu. Wakamtazama Mbogo, ami wa wafalme wote watatu, wakamfanya Kabaka wao. Fikiri, ewe msomaji, ufalme wa namna gani huo! Hapakuwa na Lubiri wala ushuru, ila watu wenye njaa, wanawake na watoto wao, na Kabarega wa Bunyoro kuwa ndiye tegemeo lao. Mnamo Mei 1891 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza akawaendea kwa vita akawashinda, ila hakuweza kuwamaliza.

Mnamo Januari 1892 Wakristo wenyewe wakapigana Mengo, Waprotestanti na Wakatoliki, na nchi ikaharibika. Lugard akaona haja ya kupatana na Waislamu. Wajumbe wakaenda na kurudi. Sharti lilikuwa moja kubwa: Mbogo auache ufalme, aje akae Kampala chini ya macho ya Waingereza, na Mwanga, mwana wa ndugu yake, aendelee kutawala. Badala yake Waislamu wangerudi nchini na kupewa masaza matatu, yaani Butambala, Gomba na Busuju.

Mbogo akakubali, akaja. Kwa mtu aliyewaona ndugu zake wakiuawa, kujitia mwenyewe mikononi mwa kabaka mwingine halikuwa jambo dogo. Wapo hata leo wanaosema kwamba aliuza haki ya Waislamu. Mimi siafikiani nao. Haki isiyo na ardhi wala chakula ingewazika wote kule mpakani, nasi tusingekuwa na wa kumwandikia kijitabu hiki.

Lakini haifai kuficha kwamba alilipa sana. Mnamo Juni 1893 ulizuka ugomvi baina ya Waislamu na serikali, na Selim Bey, mkuu wa askari wa Kisudani, akatuhumiwa kuwaunga mkono. Mbogo hakuinua silaha, hata hivyo akapelekwa Unguja. Selim alifariki njiani, Naivasha. Masaza mawili yakanyang'anywa, likabaki Butambala peke yake. Mbogo alirudishwa mwaka 1895. Miaka miwili baadaye askari wa Kisudani wakaasi, wakamtazamia yeye awe mkuu wa dola ya Kiislamu. Akakataa. Mtu mwenye kinyongo angekubali.

Katika Mapatano ya tarehe 10 Machi 1900 naye alitia alama yake. Kabaka wakati huo alikuwa Daudi Chwa, mtoto mdogo, mjukuu wa Muteesa, na kwa hiyo Mbogo ni babu yake. Akapewa maili za mraba 24 kwa ajili yake na wafuasi wake, na pauni 250 kila mwaka maisha yake yote, kwa sharti la kuacha madai yake mengine. Katika masaza 20 ya Buganda, Waislamu walipata moja tu.

Mwanga alifariki uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Kiweewa aliuawa, Kalema alikufa ukimbizini. Mbogo akaishi hadi 1921, akafa katika nchi yake, na Waislamu wakimsikiliza.

Aliacha mwana, Badru Kakungulu, mwenye umri wa miaka 14. Kwa bahati mbaya jamaa walikuwa hawajatulia walipoanza kugawanyika juu ya kusali adhuhuri baada ya Ijumaa, na Sheikh Abdallah Sekimwanyi akawa na kundi lake. Jambo hilo lilitutesa miaka mingi, na kijana yule akakua katikati yake. Alipokomaa alitoa ardhi ya Kibuli aliyoirithi. Aly Khan aliweka jiwe la msingi la msikiti mwaka 1941, nao ukafunguliwa mwaka 1951. Badru alifariki mwaka 1991, na mwanawe Kassim Nakibinge akashika mahali pake.