Onesimos Nesib: Mtumwa Aliyerudi na Kitabu

Onesimos Nesib, mfasiri wa Biblia ya Kioromo na mmojawapo wa mababa wa Kanisa la Kilutheri nchini Ethiopia, alizaliwa yapata mwaka 1856 karibu na Hurumu, katika nchi ya Illubabor, magharibi mwa Ethiopia. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hiikaa. Katika Kioromo jina hilo lina asili moja na kitenzi chenye maana ya kufungua fundo, na kitenzi hicho hicho hutumika kwa kazi ya kufasiri maneno. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka minne, akabaki mikononi mwa mama.

Mwaka 1869 wateka-watu walimnyang'anya mama huyo mwanawe. Kijana akauzwa, akauzwa tena, hata akawa amepita katika mikono ya mabwana wanane kabla ya kufikishwa Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu. Wasomaji wa nchi hii, ambao wazee wao waliijua njia ya misafara iliyoishia Bagamoyo, hawahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo ilikuwaje. Yafaa tu kukumbuka kwamba biashara ile haikuendeshwa na wageni peke yao. Haikuwezekana pasipo wenyeji waliokamata, waliouza na waliofumba macho.

Mwaka 1870, huko Massawa, Mswisi aitwaye Werner Munzinger alimpatia uhuru, naye akapokelewa katika shule ya Misheni ya Kiinjili ya Uswidi iliyokuwa Imkullu, nje kidogo ya bandari. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1872, kwa jina la Onesimos. Jina hilo ni la yule mtumwa ambaye kwa ajili yake Mtume Paulo alimwandikia Filemoni. Onesimo wa kwanza alirudi kwa bwana wake akiwa na waraka mkononi. Huyu wa pili naye alitamani kurudi, lakini kwake kurudi kulimaanisha kuiendea nchi iliyomwuza, na waraka wenyewe ulikuwa haujaandikwa bado katika lugha ya watu wake.

Misheni ilimpeleka Uswidi, katika chuo cha Johannelund, alikosoma kwa miaka mitano. Aliporejea Massawa alimwoa Mehret Hailu, na mara akaanza safari ya kwenda kwa Waoromo. Njia ya bara ilikuwa imefungwa kwa wageni, hivyo msafara ukazunguka kwa upande wa Sudan. Walifika Asosa, karibu kabisa na Wallaga. Hapo Onesimos akashikwa na homa kali, na msafara ukalazimika kurudi Khartoum, ukawasili mwezi wa Aprili 1882. Alijaribu tena baadaye, na mara hiyo pia hakufika.

Kwa kuwa miguu ilizuiwa, alirudi Imkullu akaishika kalamu. Hapo ndipo alipoyaona kwa ukamilifu madhara ya ule uovu wa mwaka 1869. Wateka-watu hawakumnyang'anya uhuru na mama tu, walimnyang'anya lugha pia. Alikuwa ametolewa kwa Waoromo angali mdogo, na maneno mengi ambayo mtu mzima huyajua kwa kuishi na wazee yeye hakuyapata kamwe. Mtu aliyeitwa mfasiri tangu kuzaliwa alipungukiwa maneno ya nyumbani kwake.

Msaada ulitoka kwa mateka mwingine. Aster Ganno, binti wa Kioromo, alikuwa katika chombo kilichowapeleka watumwa Uarabuni Waitalia walipokikamata mwaka 1886 na kuwaweka huru waliokuwamo. Naye alipelekwa shuleni Imkullu. Kipaji chake cha lugha kilikuwa kikubwa. Alikusanya maneno, nyimbo, mithali na hadithi za Waoromo, na bila hazina hiyo tafsiri isingekamilika. Ni haki jina lake litajwe pamoja na la Onesimos, jambo ambalo vitabu vingi vimelisahau. Agano Jipya lilitoka mwaka 1893, na Biblia nzima ikapigwa chapa mwaka 1899 huko St. Chrischona, karibu na Basel. Ilichapwa kwa herufi za Kiethiopia, zile zile zilizotumika katika vitabu vya Kanisa la Orthodoksi la nchi hiyo.

Mwaka 1904, miaka 35 baada ya kutekwa, Onesimos aliingia Wallaga. Mtawala wa huko, Gebre Egziabher, alimpokea kwa heshima, naye akafanya makao Nekemte. Aliwafundisha watu kwa lugha yao wenyewe, wakamjia wengi. Makasisi wa mahali hapo, ambao hawakuhubiri kwa Kioromo, waliona uchungu. Walimshtaki kwamba amemtukana Bikira Mariamu, na mwaka 1906 Abuna Matewos, mkuu wa Kanisa, aliamuru afukuzwe nchini kwa ushuhuda wa washitaki hao. Mfalme Menelik wa Pili aliitengua hukumu hiyo: Onesimos akaruhusiwa kurudi Nekemte, ila asihubiri tena.

Pigo hili huenda lilikuwa zito kuliko lile la kwanza. Mteka-watu hutenda kwa tamaa ya fedha, wala hadai kuwa ndugu. Hawa walikuwa watu waliobatizwa, wenye kulikiri jina moja la Kristo. Tena Onesimos hakuwa mtu asiye na pa kwenda. Imkullu palikuwapo, na Uswidi alikuwa na marafiki. Angeweza kuondoka na kuwaachia jirani zake lawama. Badala yake alirudi akakaa Nekemte, katika mji ule ule wa washitaki wake, akalichukua katazo lile kwa miaka kumi. Wala kukaa kwake hakukuwa kukubali kwamba mashtaka yalikuwa ya kweli, kwa maana hakuiacha imani aliyoshtakiwa kwayo. Biblia aliyoileta ilibaki mikononi mwa watu, nayo haikuhitaji kibali cha kuhubiri ili isomwe.

Mwaka 1916 Lij Iyasu, mjukuu wa Menelik, alimpa ruhusa ya kuhubiri. Mwaka huo huo Iyasu aliondolewa madarakani, lakini ruhusa haikufutwa. Onesimos, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka 60 hivi, alianza upya kuhubiri na kugawa vitabu, akaendelea hivyo miaka mingine 15. Alifariki siku ya Jumapili, tarehe 21 Juni 1931. Sheria ya kukomesha utumwa nchini Ethiopia ilitangazwa mwaka 1942, na mwaka 1959 sharika zilizotokana na kazi ile ya Wallaga ziliungana na nyingine kuunda Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus.