Tadeusz Kościuszko

Tadeusz Kościuszko (4 Februari 1746 – 15 Oktoba 1817) alikuwa mhandisi wa kijeshi na jenerali kutoka Polandi. Alipigana katika Vita vya Uhuru wa Marekani, na mwaka 1794 aliongoza uasi wa Wapolandi dhidi ya Urusi na Prussia. Alisanifu ngome za West Point, mahali ambapo mwaka 1802 kilianzishwa chuo cha kijeshi cha Marekani. Mnara wa kumbukumbu yake chuoni hapo ulisimamishwa mwaka 1828.

Maisha ya awali

Alizaliwa Mereczowszczyzna, katika familia ya makabaila wasio na mali nyingi. Wakati huo eneo hilo lilikuwa sehemu ya dola la pamoja la Polandi na Lituanya. Leo liko ndani ya nchi ya Belarus. Baba yake alifariki mwaka 1758.

Mwaka 1765 alijiunga na shule ya makadeti mjini Warsaw, iliyoanzishwa mwaka huohuo na mfalme Stanisław August Poniatowski. Mwaka 1769 alikwenda Paris, ambako alisoma sanaa ya uchoraji. Kwa kuwa mgeni hakuweza kuandikishwa katika vyuo vya kijeshi vya Ufaransa, hivyo elimu ya ujenzi wa ngome aliipata kwa kujisomea na kwa kufundishwa faraghani.

Aliporudi nyumbani mwaka 1774, Polandi ilikuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya ardhi yake, iliyogawanywa mwaka 1772 kati ya Urusi, Prussia na Austria. Jeshi lilikuwa dogo, naye hakupata nafasi ya kazi. Aliondoka tena, akafika Philadelphia mwaka 1776.

Vita vya Uhuru wa Marekani

Tarehe 18 Oktoba 1776 Bunge la makoloni lilimpa cheo cha kanali wa wahandisi. Mwaka 1777 alichagua na kuimarisha vilima vya Bemis Heights karibu na Saratoga, ambapo jeshi la Uingereza chini ya jenerali John Burgoyne lilizuiwa na hatimaye kujisalimisha. Ushindi huo uliifanya Ufaransa iingie vitani upande wa Wamarekani.

Kuanzia Machi 1778 hadi Agosti 1780 alisimamia ujenzi wa ngome za West Point, kando ya mto Hudson. Mahali hapo mto unapinda kwa ghafla, na meli za matanga zililazimika kupunguza mwendo. Mwaka 1778 mnyororo mkubwa wa chuma ulitandazwa kutoka ukingo hadi ukingo ili kuzuia meli za Waingereza. Badala ya kutegemea ngome moja kubwa, Kościuszko alipanga ngome nyingi ndogo juu ya vilima, kila moja ikiweza kuilinda nyingine kwa mizinga. Mwaka 1780 kamanda wa West Point, Benedict Arnold, alipanga kwa siri kuikabidhi kwa Waingereza, lakini njama ikagunduliwa. Ngome hizo hazikutekwa kamwe.

Akiwa huko alihudumiwa na Agrippa Hull, mwanajeshi Mwafrika-Mmarekani aliyezaliwa huru, ambaye alikaa naye kwa miaka kadhaa. Baadaye Kościuszko alihamia jeshi la kusini chini ya Nathanael Greene. Mwaka 1783 alipewa cheo cha brigedia jenerali, na mwaka 1784 alirudi Polandi.

Uasi wa mwaka 1794

Mwaka 1792 alipigana dhidi ya Warusi katika mapigano ya Dubienka. Tarehe 24 Machi 1794, mjini Kraków, alikula kiapo cha kuongoza taifa katika uasi. Siku chache baadaye, huko Racławice, jeshi lake liliwashinda Warusi. Miongoni mwa askari wake walikuwemo wakulima waliobeba silaha zilizotengenezwa kutokana na zana zao za kukatia nyasi.

Wakulima wengi wa Polandi walikuwa wamefungwa kwenye ardhi ya makabaila na kulazimishwa kufanya kazi bila malipo. Kwa tangazo la Połaniec la tarehe 7 Mei 1794, Kościuszko aliwapa uhuru wa nafsi na kupunguza siku za kazi hiyo. Lakini tarehe 10 Oktoba alijeruhiwa na kutekwa huko Maciejowice. Uasi ulishindwa, na mwaka 1795 Polandi ilifutwa katika ramani hadi mwaka 1918.

Alifungwa St Petersburg hadi mwaka 1796, alipoachiliwa na tsar Paulo I.

Wosia wa mwaka 1798

Mwaka 1797 alirudi Marekani, akalipwa mishahara aliyokuwa akidai na kupewa ardhi ya ekari 500. Kabla ya kuondoka tena mwaka 1798 aliandika wosia na kumkabidhi rafiki yake Thomas Jefferson. Aliagiza mali yake ya Marekani itumike kununua uhuru wa watumwa, wakiwemo wale wa Jefferson mwenyewe, na kuwapatia elimu.

Kościuszko alifariki Solothurn, Uswisi, mwaka 1817. Jefferson, aliyekuwa mzee wa miaka zaidi ya 75, alikataa kusimamia wosia huo. Kesi iliendelea kwa miongo kadhaa, kwa sababu marehemu aliandika wosia mwingine akiwa Ulaya. Mwaka 1852 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa ule wa 1798 ulikuwa umebatilishwa, na mali ikaenda kwa ndugu zake. Hakuna mtumwa aliyekombolewa kwa fedha hizo.

Kumbukumbu

Mnara wa West Point ni nguzo iliyosanifiwa na John H. B. Latrobe, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa chuo hicho. Gharama zilichangwa na makadeti wenyewe. Kwa miaka 85 nguzo ilisimama bila sanamu. Ile iliyopo juu yake iliongezwa mwaka 1913 na Wamarekani wenye asili ya Polandi. Chuoni hapo pia hutunzwa bustani ndogo kwenye mteremko wa mwamba, aliyoitengeneza wakati wa ujenzi wa ngome.

Mwili wake ulizikwa upya mwaka 1818 katika kanisa kuu la Wawel, Kraków, penye makaburi ya wafalme wa Polandi. Mlima Kosciuszko, mrefu kuliko yote ya Australia bara, una jina lake.